Sherehe ya mtoto wa kuasili na bembea ya uani

Dada, hongera sana. Umesema amri ya Mahakama Kuu ya kumwasili binti imetoka, ana miaka minne, kaka yake ana tisa, na shemeji zako wanataka ukumbi, MC, na seti kubwa ya michezo izinduliwe uani siku hiyohiyo. Mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wa mwisho tulimwasili akiwa na umri wa binti yako, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona nyumbani kwangu, Morogoro.

Sherehekeeni! Wapo watakaokushauri unyamaze ili mtoto asijue. Usiwasikilize. Aliyeishi kwenye makao ya watoto mpaka umri huo anakumbuka mengi, na siri ya namna hii huja kutobolewa na jirani au binamu katikati ya ugomvi. Tena huna cha kuficha: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kama aliyezaliwa na ninyi ndani ya ndoa.

Ila ukumbi, kwa sasa, hapana. Fikiria mtoto wa makao amezoea nini: wageni wanakuja na zawadi, keki inakatwa, picha zinapigwa, magari yanaondoka. Ukimkalisha mbele ya watu mia na kipaza sauti, kwake itakuwa siku nyingine kama zile, na usiku atakaa akisubiri kujua nani anaondoka. Sisi tulipika pilau nyumbani. Walikuja babu, bibi, mashangazi na wajomba tu. Babu akamwita kwa jina la ukoo mbele ya wajukuu wote, akamwonyesha mmoja mmoja: huyu shangazi yako, huyu binamu yako, wewe ni wa hapa. Kila mwaka tarehe ya amri ikifika, yeye ndiye anayechagua chakula cha nyumba nzima.

Kabla ya siku yenyewe tuliwaomba ndugu mambo mawili. Kwanza, wasitupongeze kwa "thawabu" wala kumwambia mtoto ana bahati, maana anasikia, na anajiona deni. Pili, mahali alikookotwa, na wazazi wake wa kumzaa walikuwa nani, visiwekwe kwenye status ya mtu yeyote. Habari hiyo ni mali yake, ataisimulia akitaka.

(Kwa ndugu zangu Waislamu wanaolea kwa kafala, yaani kumlea mtoto bila kubadili nasaba yake, mtoto anabaki na jina la baba yake mzazi kama Suratul Ahzab aya ya 5 inavyoelekeza. Dua na pilau ya kumkaribisha haviondoi hilo, na upendo ni uleule.)

Sasa vifaa. Visiingie siku ya sherehe, na visiitwe vya binti. Kaka yake ameshagawana mama, asiangalie bembea ikiletwa kwa jina la mdogo wake. Nendeni wote wanne kwa fundi wa kuchomelea, waachie watoto wachague rangi.

Ningekuwa na hela ya kitu kimoja, ningechukua bembea. Simama mbele yake, siyo nyuma, umsukume kwenye miguu, ili kila akirudi akute uso wako. Mwanangu, ambaye hakutaka kushikwa, alianza kunicheka pale. Anza chini na polepole, kwani watoto wengi wa makao hawajazoea kupanda wala kuning'inia.

Fundi msimamie. Nguzo zishikwe na zege, na zege lenyewe lifukiwe, lisichomoze. Kiti kiwe cha mpira laini. Cha ubao au chuma kinapasua paji la uso la anayepita. Uwazi wowote wa kati ya sentimita 9 na 23 kwenye ngazi au vizuizi ni hatari, mwili unapenya na kichwa kinanasa. Chini weka mchanga wa kina cha sentimita 23 hivi, majani hayatoshi. Pembeni acha mita 1.8 bila ukuta wala mti. Mbele na nyuma ya bembea acha mara mbili ya kimo cha bomba la juu. Sehemu ya kuteleza, ikiwa ya bati, iwekwe kivulini, jua la saa saba linaunguza mapaja.

Trampolini aliyoipendekeza shemeji yako mimi nisingeinunua. Madaktari wa watoto wa Marekani hawashauri iwekwe nyumbani, na wa miaka tisa akiruka pamoja na wa minne, anayerushwa ni mdogo. Hela hiyo iweke kwenye kisanduku cha mchanga uliochekechwa, masufuria ya zamani na ndoo ya maji. Hapo wawili hao wataweza kucheza pamoja licha ya miaka kupishana. Mchanga huo ufunike usiku, paka wa mtaani wanaupenda.

Nitumie vipimo vya ua wako na upande wa jua la mchana, nikuchoree bembea ikae wapi kabla hujampa fundi malipo ya awali.