Waulize kazi ya mwaka jana iko wapi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ile nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye makumbusho madogo ya historia ya viwanda itakufaa, maana hawalipi, na wenzako wote wanakimbilia ofisi kubwa zenye majina. Tangazo nalo nimelisoma: kuorodhesha vifaa vya stoo, kusafisha mashine, kuwatembeza wanafunzi wa shule, na "ikiwezekana" kurekodi simulizi za wafanyakazi wa zamani. Ikiwezekana! Hilo ndilo lililonikaa rohoni, kwa hiyo vumilia nianze nalo.

Unajua ninavyosema siku zote: mashine haisemi, anayesema ni aliyeisimamia. Baba yako ameshachoka kunisikia.

Sidhani kama nilikusimulia yote ya siku ile nilipokwenda na shangazi yako kwenye makumbusho ya namna hiyohiyo. Tuliikuta mashine ya kufumia nguo, aina ileile tuliyoisimamia sisi ujana wetu wote. Wameipaka rangi, inang'aa, na pembeni kuna kibao: jina la mtengenezaji, mwaka, uzito. Kijana aliyetuongoza akawaambia wageni kwamba kazi ya mfumaji ilikuwa kusimama na kuitazama ikifanya kazi. Kuitazama! Shangazi yako akanifinya. Nikasema, kijana wangu, uzi wa mtande, ule wa urefu wa nguo, ukikatika unazima mashine, unautafuta ulipo, unafunga fundo dogo lisilokwama kwenye meno ya chanuo, unawasha, na ukigeuka ya nyuma yako nayo imeshasimama. Nikashika mkono wa kuwashia nimwonyeshe. "Mama, tafadhali, haturuhusu kugusa." Halafu akawageukia wale wengine: "Asante mama. Tuendelee."

Ile "asante mama" inaniuma mpaka leo.

Ila nyuma ya kundi palikuwa na binti wa chuo, yuko fildi, ana daftari. Wenzake waliposogea yeye akabaki. Akauliza jambo ambalo hata nyinyi wanangu hamjawahi kuniuliza: kwa kelele zile, mlikuwa mnaongeaje? Basi tukamwonyesha. Shangazi yako akaenda kusimama upande wa pili wa ukumbi, tukapiga umbea kwa midomo bila sauti, binti akacheka mpaka akakaa chini. Akatuambia kwamba wafumaji wa Lancashire kule Uingereza nao walisemezana hivyohivyo, kwa sababu ileile. Na kwamba zamani shato, kile chombo cha mti kinachopitisha uzi wa mshindio, ule wa kukingama, kilitiwa uzi kwa kufyonza tunduni kwa mdomo, vumbi la pamba linaingia, na shato moja inapita midomo ya watu wengi. Jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1911.

Halafu akauliza habari za vifua. Shangazi yako akanyamaza kidogo, kisha akamweleza zile Jumatatu zake unazozijua, jinsi kifua kilivyombana akirudi kazini baada ya mapumziko, na kufika katikati ya wiki kinalegea. Binti akaandika. Akasema ndivyo ulivyo ugonjwa wa vumbi la pamba, bisinosisi, huanza kwa kubana siku ya kwanza ya kazi. Miaka yote ile tulidhani ni uvivu wa Jumatatu, mwanangu. Tulimtania.

Tulitoka wakifunga geti. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti cha kustaafu, na unajua nilivyokichukua kile cheti.

Nikarudi baadaye na mdogo wako. Kibao kilekile: jina, mwaka, uzito. Nikaulizia daftari. Binti alishamaliza muda wake, pengine aliliambatisha na ripoti ya chuo, hakuna aliyejua. Yeye kazi aliifanya, tena vizuri. Wa kuipokea ndiye hakuwapo.

Kwa hiyo mimi ningewauliza: kazi ya wanafunzi wa mwaka jana iko wapi? Nionyesheni. Kama kila kifaa kina namba na namba hiyo inaonekana kwenye rejista, kama rekodi ya sauti ina jina la msimulizi na ridhaa yake, na mtu wa nje anaweza kuja akaisikiliza, hapo pana mahali. Kama ni madaftari yaliyosahaulika kwenye droo, utaongeza lako tu. Uliza pia msimamizi wako ni nani. Kwenye makumbusho madogo mhifadhi ndiye mkata tiketi, ndiye mwenye funguo, ndiye mtafuta fedha. Lakini hilo lina utamu wake pia, maana kwenye makubwa ungepewa kabati moja mpaka uondoke, hapo kila kitu kitapita mikononi mwako.

Na kusafisha: wakikupa dawa ya kung'arisha shaba na kitambaa wakasema sugua, uliza kwanza. Kusugua kupita kiasi kunafuta chapa ya mtengenezaji na hata alama za mikono ya walioitumia. Mabomba ya zamani ya mvuke mengi yalifungwa asbestosi, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linaharibu mapafu. Ukiona gamba linabanduka, usiliguse wala usilifagie, ita mkubwa.

La malipo linanisumbua. Mimi nilisimama nje ya geti la kiwanda kudai fedha za saa za ziada, nitamwambiaje mwanangu afanye kazi bure? Ile habari uliyonitumia, ya wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa wa Amerika Kaskazini waliotoa azimio mwaka 2019 kwamba wanaojifunza kazi walipwe, nimeikubali moja kwa moja. Pasipo malipo, ni yule tu mwenye kwao pa kulala na kula ndiye anayeweza kuja. Lakini tena pahala panapoishi kwa viingilio vya watoto wa shule, posho itoke wapi? Wakitoa ya nauli na chakula cha mchana ningenyamaza. Hapana, nisingenyamaza, ila ningelalamika kidogo.

Nenda au usiende, sitasema. Umeshakuwa mtu mzima, na nilimwahidi baba yako nisikuamulie. Ila ukienda, hilo la "ikiwezekana" lianze wiki ya kwanza, maana mashine haisemi, na waliozisimamia tunazeeka.

Mwisho wa maombi ni lini? Karatasi uliyonitumia imekatika chini. Habari ya nauli muulize baba yako; ameshapiga hesabu nyuma ya bahasha yako, ingawa anajifanya hajaisoma barua.

Mama yako