Kromiti ya bondeni: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wenzako wawili wanakushawishi mchange akiba zenu muombe leseni ya bonde la mto ambalo ramani ya zamani inaonyesha lina mchanga wa kromiti, yale madini meusi yanayotoa metali ya kromi, na pembeni pameandikwa "haijaendelezwa". Unaniuliza: kama mali ipo, mbona miaka yote hii hakuna aliyeichimba?

Nimefurahi umeuliza kabla hujatoa pesa.

Kromiti huzaliwa ndani ya miamba mizito, ya kijani iliyokoza au myeusi, ambayo asili yake ni chini ya gamba la dunia. Jua na mvua huiozesha miamba hiyo ikawa udongo, ila punje za kromiti hubaki ngumu vilevile. Mafuriko huzisomba, na popote maji yanapopungua kasi, kwenye kona ya ndani ya mto au nyuma ya jiwe kubwa, vitu vizito hutua kwanza. Kromiti ina uzito wa takribani mara 4.6 ya maji. Mchanga wa kawaida ni mara 2.65 tu. Mto umekuwa ukichenjua peke yake kwa maelfu ya miaka, na mimi hadi leo nikiona mstari mweusi chini ya changarawe moyo hunidunda.

Lakini si kila cheusi ni kromiti. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipepeta karai baada ya karai hadi kiganja kikajaa mchanga mweusi, na usiku sikulala kwa furaha. Majibu ya maabara yalipokuja, sehemu kubwa ilikuwa magnetiti, yaani madini ya chuma. Laiti ningechukua sumaku ya kawaida! Magnetiti hurukia sumaku, kromiti huvutwa kidogo sana. Hata ukizisugua kwenye kigae kisichong'arishwa utaona tofauti: kromiti huacha alama ya kahawia, magnetiti huacha nyeusi.

Haya, tuseme ni kromiti kweli. Hapo ndipo wenzako wanapojidanganya, kwa sababu wanaifikiria kama dhahabu. Dhahabu, kijiko kimoja kinalisha familia. Kromiti huuzwa kwa tani, na mnunuzi ni mwenye tanuri kubwa la umeme anayetengeneza ferokromi, mchanganyiko wa chuma na kromi, ya kutia kwenye chuma cha pua. Huyo hataki gunia, anataka shehena inayofika kila mwezi bila kukatika. Piga hesabu pamoja nami. Kama changarawe ina kromiti asilimia 3, ili upate tani 10,000 itabidi uoshe zaidi ya tani 333,000, hata isipopotea punje moja. Kwa kina cha mita 3, hizo ni kama hekta 6 za bonde kupinduliwa juu chini. Bado hujalipa mafuta, pampu wala malori. Na upande wa pili wa mizani kuna Afrika Kusini, ambako kromiti imelala kwenye matabaka ndani ya mwamba, yanayofuatika kwa kilomita nyingi.

Imewahi kutokea mchanga wa namna hii ukachimbwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji kromi ya kwake, ikageukia mchanga mweusi wa pwani ya Oregon. Huko ndiko, mwaka 1943, mtambo wa kuchenjua wenye mfereji uliojiviringa kama ngazi ya mzunguko ulipotumika kwa mara ya kwanza. Mtambo huo tunautumia mpaka leo, lakini kromiti ya Oregon iliachwa hitaji la vita lilipopungua.

Kwa hiyo neno "haijaendelezwa" lisikufanye udhani waliokutangulia walikuwa vipofu. Yaelekea walifika, wakapima, wakakokotoa, wakaondoka. Na pale ramani inaposema kuna dalili ya madini, haijasema ni tani ngapi. Dalili ni karai moja la mtu mmoja. Akiba ya madini ni mashimo mengi yaliyochimbwa kwa vipimo, kila moja na majibu yake ya maabara. Waulize wenzako wana lipi kati ya hayo mawili.

Tena kuna mto wenyewe. Ukifumua kingo zake, tope litawafuata walio chini hadi kwenye visima vyao. Hilo nisingependa liwe na jina lako.

Kama roho bado inavutwa, acheni kuhesabu mchanga, upandeni mto. Chukueni sampuli kwenye kila kijito. Pale punje zinapoanza kuwa kubwa na zenye kona kali, mwamba uliozizaa hauko mbali, na huo unaweza kustahili leseni.

Likizo ukija, niletee kopo moja la mchanga. Usiuchote juu, chimba hadi kwenye mwamba, uzoe ule wa chini kabisa. Sumaku yangu bado ninayo.

Mama yako