Picha na video katika mahojiano ya utafiti ya mtandaoni: nani aishike picha?

Ndugu mwulizaji anaandaa mahojiano ya utafiti yatakayofanyika kwa simu ya video, na anataka kujua ni picha ngapi zinatosha, na kama kumwonesha mhojiwa picha au kipande cha video kutamfungua mdomo au kutamtilia mdomoni maneno ambayo hakuwa nayo. Yote mawili hutokea. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa na wazee wenye asili ya Zanzibar wanaoishi Muscat na Uingereza, nikikusanya kumbukumbu zao za Mji Mkongwe, na ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kwamba picha ni swali kamili, linalostahili kupimwa kwa makini kama yanavyopimwa maswali yaliyoandikwa katika mwongozo, na kwamba mtandaoni jambo kubwa ni nani anayeishika picha hiyo.

Njia yenyewe si ngeni. John Collier, mpiga picha Mmarekani aliyeingia katika anthropolojia, alieleza mwaka 1957 katika jarida la American Anthropologist jinsi yeye na wenzake walivyozihoji familia za mashariki mwa Kanada kwa picha na bila picha. Mahojiano yenye picha yalitoa maelezo mahususi zaidi, na wahojiwa hawakuchoka upesi waliporudiwa. Lakini pale mtafiti na mwenyeji wake walikaa pamoja, picha ikiwa mezani: mhojiwa aliweza kuiinua, kuisogeza kwenye mwanga, kurudi kwenye ile ya kwanza, au kuisukuma kando bila kusema neno. Ukimwonesha mtu picha kwa kumfungulia skrini yako, uwezo wote huo unabaki kwako. Wewe ndiye unayeamua ianze lini, ikae muda gani na ifuatwe na ipi, na mzee wa heshima zake hatakwambia kwamba umeiondoa mapema.

Kwa sababu hiyo mimi hutuma picha siku moja au mbili kabla, kwa WhatsApp, zikiwa na namba na bila maelezo yoyote, na siku ya mazungumzo huanza kwa kuuliza: "Bibi, ipi ungependa tuanze nayo?" Jibu la swali hilo huwa data tayari. Hasara yake ni kwamba mhojiwa anaweza kuwashauri wanawe na jirani zake kabla ya kukutana nawe, ukapata kumbukumbu iliyokwisha kusawazishwa na wengi. Ikiwa utafiti wako unahitaji mwitikio wa papo kwa papo, basi tuma picha mazungumzo yakiendelea, moja baada ya nyingine, ili bado awe nayo kwenye simu yake.

Uchaguzi wa picha ndio mahali pa kutumia muda mwingi. Nitoe mfano wa Beit el Ajaib, jumba la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Picha zake za awali zinaonesha mnara ukisimama peke yake mbele ya jumba; baada ya Waingereza kuupiga mji kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896 mnara ule haukubaki, na mnara wa saa uliofuata ukaunganishwa na jumba lenyewe. Nilipoonesha picha ya zamani, wazee walinipa historia ya vitabuni, sahihi kabisa, lakini isiyokuwa yao. Nilipoonesha picha ya miaka ya 1950 ya upande wa Forodhani, jumba likiwa nyuma na watu wakipita mbele, hakuna aliyelitaja jumba. Walitaja nani alikuwa akiuza nini pale, na mtoto wa kike aliruhusiwa kufika wapi magharibi ikiingia. Picha inayofaa ni ya wakati ambao mhojiwa aliuishi, na mara nyingi yenye thamani ni ile ambayo kitu mashuhuri hakiko katikati yake.

Kadi za posta za zama za ukoloni zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa nyingi zilipigwa ili ziuzwe kwa wageni na chini yake pamechapishwa maneno yanayomtaja mtu kwa kabila au kazi tu, bila jina. Yakate maneno hayo kabla ya kuituma. Yakibaki, mhojiwa atayajibu yale maandishi, ama kwa kuyakubali ama kwa kuyapinga, na wewe ulitaka aizungumzie picha.

Video ni jambo jingine, kwa maana video ina mwendo na sauti yake, na mhojiwa hulazimika kuufuata. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya jumba hilohilo iliporomoka, na video za tukio zikaenea. Zinagusa sana moyo, na ndiyo maana sizitumii mwanzoni: mtu akishaziona, mazungumzo yote yaliyobaki huwa ya msiba, hata pale ulipotaka kuuliza habari za shule au harusi. Video hufaa zaidi kwa kazi za mikono. Kipande kisichozidi dakika moja cha mtu akisuka ukili wa mkeka, kikiwa kimetolewa sauti ya mtangazaji, humfanya fundi aliyestaafu aseme kwamba wao hawakushika hivyo, kisha anyanyue mikono yake mbele ya kamera na kuonesha, na hilo huwezi kulipata kwa swali la maneno.

Kuna mambo ya kiufundi yanayogusa ubora wa data moja kwa moja. Ukionesha skrini kwenye Zoom kwa mtu anayetumia simu, uso wako hubaki kijisanduku kidogo, na mazungumzo hugeuka mhadhara. Ukicheza video bila kuteua chaguo la kutuma sauti, yeye huona midomo tu. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ukiituma kama faili ubora hubaki, lakini kama ilipigwa kwa simu huenda ikabeba pia taarifa za mahali ilipopigwa, kwa hiyo zifute kwanza. Na uandike katika kumbukumbu zako nani alikuwa ameshika simu. Mara nyingi ni mjukuu, na bibi anayesimulia ujana wake mbele ya mjukuu huchagua maneno.

Kurekodi sauti pekee kutakuponza usipojizoeza kuyatamka yale yanayooneshwa kwa kidole. "Huyu hapa" na "pale nyuma" havina maana wakati wa unukuzi. Rudia kwa upole: "Unamkusudia yule aliyevaa kanzu, kushoto, picha namba tatu?" Inapunguza kasi kidogo, na mara nyingi humfanya msimulizi aongeze neno.

Kwa wazee hawa ipo pia Januari 1964. Mtu aliyepoteza ndugu katika Mapinduzi anaweza kuikuta nyumba yao katika picha ambayo wewe uliiona ni ya mtaa tu. Mweleze mapema mahali na miaka ya picha zote, umpe nafasi ya kukataa yoyote bila kutoa sababu, na ridhaa yake uiombe kwa sehemu: ya kurekodiwa, ya kutunza picha atakazokupa, na ya kuzichapisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na sheria ya Oman ilianza kutumika Februari 2023. Data inayovuka mipaka inaweza kukugusa kwa zaidi ya sheria moja, hivyo iandikie kamati yako ya maadili mahali faili zitakapohifadhiwa.

Kuhusu idadi uliyouliza, picha tano au sita zinatosha kwa saa moja. Nafasi ya mwisho iache wazi, umwombe mhojiwa alete ya kwake mwenyewe. Asipokuwa nayo, muulize ni picha gani angependa ingekuwapo na ingeonesha nini, kisha unyamaze umsikilize.