Namba za NIDA tunazo, karani wa sensa wa nini?

SWALI: Nasikia Denmark hawapiti nyumba kwa nyumba kuhesabu watu. Sisi tuna NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) na RITA (wakala wa kusajili vizazi na vifo). Kwa nini mwaka 2022 makarani walizungushwa nchi nzima?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni kweli, mwaka 1981 Denmark ilifanya sensa kwa madaftari ya serikali peke yake, bila kupita nyumbani, ikiwa ya kwanza duniani. Ila tazama kilichotangulia. Daftari la watu lilianza 1968, kila mkazi akapewa namba yenye tarakimu 10. Mwaka 1977 likafuata daftari la majengo na makazi. Anayehama hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 5. Namba ya mtu ikiungana na anwani ya nyumba, ndipo kaya inapoonekana. Bila anwani, unabaki na orodha ya majina tu.

Kitambulisho cha NIDA hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo orodha ya wenye vitambulisho haiwezi kutuambia idadi ya watoto. Aliyejiandikisha Kigoma kisha akahamia Dar es Salaam bila kubadilisha taarifa zake anaendelea kusomeka Kigoma. Marehemu ambaye kifo chake hakikusajiliwa anahesabika yu hai. Msidhani makosa haya yanafutana: watoto wanapungua, wazee wanazidi, na mgawanyo wa umri wote unapinda. Sensa ya 23 Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo, pamoja na habari za vyoo na maji ya kunywa ambazo daftari la vitambulisho halina.

Hata Estonia, yenye madaftari mazuri, ilikuta watu wengi hawaripoti kuhama. Kwa sensa ya 2021 watakwimu wake walitafuta dalili kwamba mtu bado anaishi nchini: amelipwa mshahara? Amemwona daktari?

SWALI: Daftari la vizazi la eneo letu lina watoto 600 wa mwaka mmoja. Nitajuaje wangapi wamekosekana?
Ofisa takwimu wa halmashauri

JIBU: Pita kaya zote za eneo hilohilo, uulize vizazi vya miezi 12 ileile. Tuseme umepata watoto 500, na 400 kati yao wamo pia kwenye daftari. Basi daftari linanasa 400 kwa 500, yaani asilimia 80. Gawanya 600 kwa 0.8, upate makadirio ya watoto 750. Walioonekana mahali popote ni 600 + 500 − 400, yaani 700. Kwa hiyo 50 hawakuonwa na upande wowote.

Hesabu ni rahisi, kazi iko kwenye kulinganisha majina. Mohamedi wa daftari ndiye Muhammad wa dodoso? Tumia jina la mama, kijiji na mwezi wa kuzaliwa kwa pamoja. Ukishindwa kuwatambua watoto 40 tu, 400 inakuwa 360 na makadirio yanaruka hadi 833. Na mdodosaji asiruhusiwe kabisa kunakili daftari la vizazi, maana vyanzo viwili vitakuwa kimoja na hesabu itakosa maana. Kumbuka pia kwamba waliozaliwa nyumbani mara nyingi hukosekana pande zote mbili. Hapo hata 750 ni ndogo.

Jambo moja linalosahauliwa sana: panga vizazi kwa tarehe ya kuzaliwa, si ya kusajiliwa. Mtoto wa 2019 aliyeandikishwa 2024 kwa sababu ya shule ni wa 2019. Usipofanya hivyo, utatangaza ongezeko la vizazi ambalo halikutokea.

SWALI: Nikimjibu karani kuhusu biashara yangu, watu wa kodi wataona?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Sheria ya Takwimu ya 2015 inalinda siri ya majibu ya mtu mmoja mmoja, na kanuni za Umoja wa Mataifa za 1994 zinataka yatumike kwa takwimu tu. Ofisi ya takwimu inaweza kupokea taarifa kutoka idara nyingine, lakini haizirudishii idara hizo majibu yako.