Maswali na Majibu: Ukuta Unaotoa Chumvi, LUKU Inayoisha na Jiko la Mkaa Chumbani

Masika yakikatika hapa Tanga, simu yangu hujaa picha za kuta. Nimechagua maswali machache. Mnaouliza kuhusu rangi, someni jibu la kwanza mpaka mwisho kabla ya kuniandikia tena.

Rangi ipi inazuia chumvi ukutani? Nimeshapaka mara tatu, inabanduka. (Msomaji, Makorora)

Hakuna. Swali hili nililijibu masika iliyopita, na vuli kabla yake, na bado linakuja kutoka Mikanjuni, Duga na Nguvumali. Rangi haizuii maji yanayotoka nyuma yake. Ukuta uliosimama kwenye udongo wenye maji huyanyonya kwenda juu kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi yaliyokuja nayo inabaki, inaganda kuwa chembe, na chembe zinaisukuma rangi. Ukipaka rangi ya mafuta ndiyo umeharibu kabisa, kwa sababu maji yakikosa kutokea chini yatapanda yatokee juu zaidi. Leo doa liko magotini, mwakani utalikuta kiunoni.

Kabla ya kwenda duka la vifaa, zunguka nje ya nyumba. Ardhi ya nje imepanda kuliko sakafu ya ndani? Kwetu hili limekuwa ugonjwa: mtu anamwaga kifusi uani kila mwaka kukwepa madimbwi, mwisho wake nyumba yake ndiyo inakuwa bonde. Bati linamwaga maji chini ya ukuta kwa kuwa hukuweka gata? Maji ya karo la vyombo yanaishia wapi? Bomba la bafuni halivuji? Na fundi aliweka nailoni juu ya msingi kabla ya kupandisha tofali, au hela ya nailoni ilipotelea kwenye chai? Rekebisha hayo kwanza. Kisha bandua plasta mpaka nusu mita juu ya doa, uache ukuta ukauke kwa miezi, si kwa siku. Chumvi inayojitokeza ipanguse kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani. Rangi isubiri kaskazi, Januari au Februari.

Kama nyumba ilijengwa kwa mchanga wa ufukweni, pole sana. Hiyo chumvi haikupanda kutoka ardhini, umeinunua kwa lori. Huvuta unyevu wa hewani hata kiangazi, na ndani ya zege inakula nondo. Nondo ikishika kutu inavimba na kulipasua zege. Anayekuuzia mchanga wa baharini kwa bei ya chini hatakuwepo siku lenta, ile boriti ya zege juu ya dirisha lako, itakapofunguka. Muulize ulichimbwa wapi, halafu onja chembe kidogo kwa ulimi. Hakuna aibu.

Nitajuaje kama unyevu unatoka ndani ya ukuta au hewani? (Mwalimu, Chumbageni)

Kumbe wapo wanaouliza kabla ya kununua! Kata kipande cha nailoni safi cha ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kaa siku mbili tatu. Maji yakitokea nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani. Yakitokea mbele, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni dirisha.

Wakati wa mvua nikifunga madirisha yote unyevu si utabaki nje? (Dada wa Donge)

Wa nje utabaki nje, wa ndani utabaki na wewe: pumzi zenu, sufuria isiyofunikwa na nguo mlizoanika sebuleni.

Tumerithi nyumba ya mawe Pangani. Fundi anasema tuibandue chokaa yote tupige plasta ya saruji ili iwe imara. Unashauri nini? (Warithi watatu)

Nashauri mbadilishe fundi. Nyumba hizo, za Pangani kama za Bagamoyo, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, na chokaa nayo inapitisha mvuke, kwa hiyo ukuta unalowa masika na kujikausha kiangazi. Ndiyo maana zimesimama wakati vibanda vya jana vinapasuka. Ukizivisha saruji ngumu, maji yaliyoingia kwa juu, kwenye ufa au kwenye paa bovu, hayana pa kutokea. Yanakaa ndani, yanaula ukuta polepole, na plasta yenyewe inaanza kulia kama debe tupu ukiigonga, mwishowe inaanguka ikiwa imebeba na uso wa jiwe.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni boriti. Kama dari lenu limebebwa na boriti za mikoko, vichwa vyake vimezama ndani ya ukuta huohuo. Ukuta ukishinda umelowa, vichwa vinaoza mahali msipoviona, na siku boriti itakapoachia haitatoa taarifa. Chukueni bisibisi, mchome kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama inaingia kwenye mkate, msimruhusu mtu kulala chumba hicho wala cha juu yake mpaka boriti ibadilishwe.

Kazi yenyewe ianze juu. Zibeni paa, sawazisheni maji yanapomwagika, ndipo mje kwenye plasta: chokaa kwa mchanga wa mtoni, kiasi cha moja kwa tatu, kwa matabaka membamba, kila tabaka lisubiri la chini yake lishike na lisikaushwe na jua kali. Malizieni kwa chokaa ya kupaka. Mkinunua chokaa isiyozimwa, anayeimwagia maji avae miwani na glavu, watoto wakae mbali. Inachemka, inaruka, na inapofua macho. Na tafadhali, msibandike vigae ukutani kuficha doa. Nimeona hilo linafanywa na watu wenye elimu zao.

LUKU ya elfu kumi zamani ilinitosha, sasa haitoshi. TANESCO wananiibia? (Baba Zai, Usagara)

Umeongeza nini ndani ya nyumba? Hukusema, na hamsemi kamwe. Nimelazimika kuuliza ndipo ikaonekana kuna kiyoyozi.

Tupige hesabu. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa moja. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa usiku inakula uniti 0.6, yaani uniti 18 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo kinachovuta wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo saa nane ni uniti 8 kwa usiku, 240 kwa mwezi. Tuseme kinapumzika nusu ya muda, bado ni 120. Mteja mdogo wa majumbani anapata bei nafuu kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi, na ya 76 haiuzwi bei ya ile ya 75. Hapo ndipo elfu kumi yako inapoyeyukia. Kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi usiyalinganishe na ya pili.

Kabla ya kukilaumu kiyoyozi, tazama chumba unachokipoza. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi bila kivuli, nawe unawasha mashine usiku kupambana na joto ulilolikaribisha mchana. Ongeza upenu upande huo, au panda mti, ila mkungu usiukaribishe msingini. Fungua madirisha ya kuta mbili zinazokabiliana ili upepo wa kusi upite. Wazee hawakujenga baraza pana kwa ajili ya bao tu. Na feni humpoza mtu, haipozi chumba. Ukitoka, izime.

Bati la rangi gani lina joto kidogo? (Mjenzi mpya, Pongwe)

Jeupe, au rangi yoyote ya kupauka. Hilo la rangi ya damu ya mzee ulilotuma picha ni zuri kwa jirani anayelitazama. Acha matundu yenye wavu chini ya mapaa, pande zote mbili, joto la juu ya dari litoke. Jipsam usiiweke mpaka uwe na hakika na kila msumari wa bati, maana ikilowa inalegea na kushuka.

Ukungu mweusi nyuma ya kabati unarudi kila mwezi. (Mama wawili, Ngamiani)

Livute kabati upana wa kiganja kutoka ukutani, na lisikae kwenye ukuta wa bafuni. Futa kwa maji ya sabuni, kisha dawa ya kung'arisha nguo iliyochanganywa na maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye na dawa ya choo hata tone, inatoa hewa ya sumu. Watoto wenye pumu wasilale chumba hicho kwanza.

Sisi huku Lushoto Julai ni baridi kali. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba matundu ili joto lisitoke. Tupunguzeje mkaa? (Familia, Lushoto)

Punguzeni mpaka usibaki hata mmoja chumbani. Leo, si wiki ijayo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu na kuinyima oksijeni. Mkaa ulioiva vizuri, usiotoa moshi, nao unaua. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu ndizo dalili, lakini aliyelala hazisikii. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyokutwa asubuhi, na kila msimu kuna anayesema wamerogwa. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Joto lenu litafuteni kwingine. Fungueni mapazia jua linapoingia, myafunge kabla halijazama. Wekeni dari kama hamna, kwani joto linatokea juu. Zibeni upepo chini ya mlango kwa nguo iliyokunjwa. Blanketi moja liwe chini yenu juu ya godoro, si yote juu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa inatosha kupasha kitanda. Mwenye nyumba ya zamani yenye dohani aisafishe na awashe moto humo, dohani isizibwe.

Friji la mtumba linakula umeme. (Kijana, Mabawa)

Bana noti kwenye mlango, vuta. Ikitoka bila kukwama, badilisha mpira.

Naweza kukutumia picha ya ukuta wangu? (Wengi)

Ya ukuta peke yake sitaijibu. Tuma ya upande wa nje wa ukuta huo, ya bati lililo juu yake, na ya uwanja, zote zikipigwa mvua ikinyesha. Andika nyumba imejengwa kwa nini na doa limefika urefu gani kutoka sakafuni. Jina la rangi uliyopaka silihitaji.