Mbwa Wetu Kusi, na Uongo Nilioutunga Siku Aliyokufa

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa upande wa Kilifi ambaye mbwa wake aligongwa na lori alfajiri, mbele ya lango la nyumba. Aliniandikia kwamba amekaa siku mbili bila kutia chakula kinywani, kwamba mumewe amemwambia mara tatu kuwa yule ni mbwa tu, na kwamba sasa ameanza kujiuliza kama akili zake ni timamu. Mwishoni aliuliza jambo dogo: afanye nini na ukanda wa shingoni, maana hawezi kuutupa na hawezi kuutazama. Nilimjibu kwa sentensi mbili za kumpa pole, kisha usiku huo nikaona haya, kwa sababu jambo hilo nimelibeba mwaka mzima na sijapata kumweleza mtu kikamilifu.

Sisi tunakaa nje ya mji wa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki ukielekea Mambrui, kwenye kishamba cha mahindi, mikanju michache na mbuzi. Miaka minane iliyopita, katika siku zile upepo wa kusi unapovuma mpaka bahari ikachafuka na wavuvi wakavuta vyombo vyao pwani, watoto wangu walikiokota kitoto cha mbwa koko mtaroni, kimelowa na hakiwezi kusimama. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka mitano, akakiita Kusi. Mimi nilisema kitakaa siku tatu kisha kitaondoka. Kilikaa miaka saba, na katika miaka hiyo saba sikupoteza hata mbuzi mmoja, ilhali jirani zangu wa pande zote mbili waliibiwa. Nalisema hili bila kuficha kwamba najivunia, kwa kuwa watu waliokuja kuniambia kuwa Kusi alikuwa mbwa tu ni walewale waliokuwa wakiniomba nimfungue usiku apite na kwao.

Sisi ni Waislamu, na wasomaji wangu wengi wa Pwani wanajua maana yake. Katika madhehebu ya Shafi tunayoyafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kinacholambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa wa kulinda mifugo na shamba ameruhusiwa, kwa hiyo Kusi alikaa nje, akawa na sufuria yake iliyovunjika mpini, na hakuvuka kizingiti. Lakini huwezi kumwekea mtoto mpaka wa mapenzi. Kando ya pipa la maji kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo safi, na kila jioni binti yangu alipomaliza kumtoa Kusi kupe na kuwatosa katika kibati cha mafuta ya taa, alikwenda pale akaosha mikono huku akihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, na mbwa amekaa mbali kidogo akimtazama kana kwamba anasubiri hesabu iishe. Nilikuwa nikiisikia hesabu ile nikiwa barazani, nami nikijua kuwa magharibi imekaribia.

Sasa nieleze yale ambayo nimeyakimbia. Mwezi wa Mei mwaka jana panya walituzidi ghalani. Siku moja mjini, alipita yule muuzaji mwenye kipaza sauti anayetangaza dawa ya panya, mende na kunguni, nikanunua paketi mbili za punje zilizotiwa rangi ya waridi. Alhamisi usiku nikazimwaga nyuma ya magunia, nikafunga mlango wa ghala, nikaona nimemaliza kazi. Mlango ule una upenyo chini ambao kuku hupita. Nilikuwa nikiujua upenyo ule kwa miaka mingi.

Ijumaa Kusi alikuwa mzima. Jumamosi na Jumapili alikuwa mzima, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jumatatu hakumsindikiza binti yangu hadi barabarani anakopandia tuktuk ya shule, jambo ambalo hakuwahi kulikosa, nami nikasema ni joto. Jumanne asubuhi nilimkuta chini ya mkanju, kwenye kishimo alichojichimbia mwenyewe kwa kulala, damu nyembamba inamtoka puani na haikomi. Nilimpigia simu daktari wa mifugo, naye akaja kwa bodaboda upesi kadiri alivyoweza, lakini kabla ya adhuhuri Kusi alikuwa amekwisha. Daktari alimwinua mdomo akanionyesha fizi zake, nyeupe kama chokaa, kisha akaniuliza kwa upole, bila kunitazama usoni: "Mzee, mmeweka sumu ya panya siku hizi?"

Alinieleza kwamba sumu ya aina ile haiui siku ileile. Mwili huhitaji vitamini K ili damu iweze kuganda, na sumu huuzuia mwili usiitumie vitamini hiyo. Ile akiba ya uwezo wa kugandisha damu iliyokwisha kuwamo mwilini humchukua mnyama siku chache, ndiyo sababu anaonekana mzima, na akiba ikiisha anavuja damu ndani kwa ndani. Anaweza kuwa amekula punje zenyewe, au amekula panya waliozila. Na ukiwahi, alisema, inatibika: saa za mwanzo mnyama hutapishwa, na baadaye hupewa hiyo vitamini K kwa wiki kadhaa. Nilihesabu siku pale pale nimesimama. Alhamisi mpaka Jumanne.

Watoto waliporudi kutoka shule walimkuta baba yao ameketi kando ya turubai. Binti yangu akauliza kimemuua nini, nami, mtu mzima niliyekwisha kuwafundisha watoto wa wenzangu uaminifu kwa miaka ishirini, nikajibu: "Ameumwa na nyoka." Neno lilinitoka kabla sijalifikiri. Nilijiambia kwamba ninawaepusha na uchungu, lakini nilikuwa ninajiepusha mimi.

Tulimzika kabla ya magharibi, mbali na kisima, katika shimo la kina cha kiuno cha mtu mzima ili mbwa wengine wasimfukue, na ardhi ya kwetu ukipita mchanga unakutana na mwamba wa matumbawe, kwa hiyo kazi ilituchukua muda mrefu na ikatufaa. Nawashauri sana wafiwa wa namna yetu wasimlipe kijana akamtupe mnyama mahali wasipopajua. Chimbeni wenyewe, na watoto wachimbe. Mikono yangu ilitoka malengelenge, na hayo malengelenge ndiyo yaliyokuwa rambirambi yangu pekee kwa wiki ile.

Kwani huu ni msiba usio na matanga. Akifa mtu, jamii inajua la kufanya: majirani wanakuja, sufuria kubwa zinatoka, wanaume wanakaa nje kwa majamvi, siku ya tatu hitima inasomwa, na mwenye kufiwa anabebwa na mwendo wa mambo hata kama yeye mwenyewe hana miguu. Akifa mbwa, kesho yake unatakiwa ukapalilie mahindi. Nilikwenda barazani baada ya swala ya isha, na mzee mmoja alipoona sisemi akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akacheka. Hakuwa na nia mbaya, nami namheshimu hadi leo, lakini alicheka, akasema Muislamu mzima analilia mbwa, na wengine wakacheka kwa kumfuata. Nilicheka nao. Sikurudi barazani pale kwa wiki tatu.

Ijumaa iliyofuata nilisoma Suratul Kahf kama ninavyoisoma kila Ijumaa tangu ujana wangu, nikafika kwenye aya ya 18, pale wale vijana wamelala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, nikashindwa kuendelea. Mimi nilikuwa nikiipita aya ile kila wiki. Mbwa yule hakuachwa nje ya kisa. Na ile hadithi ya Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kiatu chake ili kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa dhambi zake, sote tumeisikia msikitini tukatikisa vichwa. Basi ndugu zangu, mnaotikisa vichwa kwa mbwa wa zamani na kumcheka anayemlilia mbwa wa leo, hebu niambieni ni lipi hasa mlilolisikia. Sisemi tufanye hitima ya mbwa. Nasema mtu aliyefiwa na kiumbe aliyemlinda miaka saba anastahili kuambiwa "pole" bila neno "lakini" kufuatia.

Niurudie uongo wangu, kwa sababu ndio uliotuharibia nyumba. Wiki ya kwanza mwanangu mdogo alikataa kwenda chooni usiku. Wiki ya pili binti yangu alianza kutembea shambani na fimbo, akipiga majani hatua kwa hatua, na akaacha kuokota korosho kabisa. Nilikuwa nimemfukia Kusi na nimewaletea nyoka mahali pake, nyoka asiyekuwapo, ambaye hata ningefyeka shamba zima nisingempata nikawaonyesha kuwa amekufa. Katikati ya hayo nilifanya kosa jingine: siku ya tisa nilileta kitoto kipya cha mbwa, cha rangi ileile, nikidhani nimefanya werevu. Hakuna aliyekipa jina. Kiliitwa "yule". Yule amelia, mpeni yule maji. Baada ya mwezi nilikipeleka kwa mpwa wangu Mambrui, na huko kina jina na afya. Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nimeurudia kwa kila aliyeniuliza, ni kwamba usilete mwingine upesi. Subiri. Usilete mwingine mpaka mtoto mwenyewe aombe.

Jioni moja nilimwita binti yangu barazani nikamweleza yote: paketi, upenyo wa mlango, Alhamisi, na nyoka niliyemtunga. Nilitarajia alie au anitukane kwa ukimya, kama watoto wa umri wa miaka kumi na miwili wanavyojua kufanya. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Baba, alijua kwamba ni wewe?"

Nilimwambia kwamba hakujua. Asubuhi ile nilipomkaribia alijaribu kutikisa mkia, na hilo lilikuwa kweli. Akasema alhamdulillahi, akaingia ndani. Usiku ule alikwenda chooni bila fimbo.

Wazazi wenzangu, tumezoea kuwadanganya watoto tukaita huko ni kuwahurumia. Tunawaambia mbwa amesafiri, amepelekwa shamba jingine, amekwenda kutembea, na mtoto anakaa langoni mwezi mzima akisubiri. Waambieni wanyama wenu wamekufa, na kilichowaua mkitaje. Kama kilichowaua ni mkono wako, litaje hilo nalo, na ulitaje mapema kuliko nilivyolitaja mimi. Mtoto anajua kuhukumu kwa upole zaidi ya wazee wa barazani.

Mambo mawili ya lazima niyaseme upesi. La kwanza, mwenye mbwa, paka au hata kuku asimwage sumu ya panya ovyo. Mimi sasa ninahifadhi mahindi katika mapipa ya chuma yenye vifuniko, na ghala lina paka wawili. Na ukimshuku mnyama wako amekula sumu usingoje dalili, mpeleke kwa daktari na ile paketi mkononi ili ajue ni sumu gani. La pili, mbwa akifa ghafla baada ya kubadilika tabia, kuuma watu au kutokwa na mate mengi, msimguse kwa mikono mitupu, mwiteni daktari wa mifugo, kwa maana kichaa cha mbwa kingalipo nchini Kenya na lengo la serikali ni kukitokomeza kufikia mwaka 2030. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akachanjwe. Kusi alichanjwa kila mwaka, na kadi yake bado ninayo.

Sasa kuhusu ukanda, dada yangu. Sikuwa na ukanda, kwani Kusi alifungwa kwa mnyororo, na mnyororo ule mke wangu ameufunga kwenye ndoo ya kisima kwa sababu kamba ilikuwa imeoza, nami kila ninapoteka maji ninausikia ukigonga ukingo. Mwanzoni nilitaka kumwambia autoe. Sikumwambia. Lakini lile kopo la udongo niliamua kulitupa mwezi wa Septemba tulipohamisha pipa, maana halikuwa na kazi tena, nikaliweka kwenye takataka pamoja na mabati mabovu. Asubuhi nikalikuta kando ya pipa, mahali papya, limejazwa udongo safi hadi juu. Sikuuliza nani amelirudisha, na limekaa pale hadi leo.