Ule Ukuta wa Bei

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko Kütahya, Uturuki? Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, na baba yako magoti yamemtulia kidogo.

Juzi kwenye simu uliniuliza, tena huku unanicheka, kwa nini siku ile uliponipeleka kwenye magofu ya Warumi ya Çavdarhisar sikulishangaa hekalu la Zeus, nikaenda kuganda mbele ya ukuta wenye maandishi nisiyoyajua. Nikasema nitakuandikia, maana wateja walikuwa wamejaa dukani.

Hekalu nililiona, mwanangu. Nguzo zile nani asizione, na kuku wa watu wanachakura karibu yake! Lakini mimi ni mtu wa duka. Uliponiambia lile jengo la duara lilikuwa soko, kwamba lilifukuliwa baada ya tetemeko la Gediz la mwaka 1970 kuangusha nyumba za kijiji, na kwamba maandishi yale ya Kilatini ni bei zilizopangwa na Kaisari Diocletian wa Roma mwaka 301, hekalu likaniishia hapo hapo.

Ukanitafutia orodha kwenye simu. Kipimo cha jeshi cha ngano, kisizidi dinari 100. Shayiri, 60. Kibarua wa shamba, dinari 25 kwa siku na chakula juu ya tajiri. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: siku nne za jembe, kipimo kimoja cha ngano. Na anayezidisha bei, adhabu yake kifo.

Bei elekezi, mwanangu! Ila ya kuchongwa kwenye jiwe.

Nikakumbuka mwaka 1983, wakati wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi. Wewe hujazaliwa. Nilikuwa naishi kwa shangazi, Mungu amrehemu. Bei za serikali zilikuwepo, vitu ndivyo havikuwepo. Sukari foleni, sabuni foleni, na mtu akichoka anaacha jiwe limshikie nafasi. Msako ulipoanza, shangazi alikuwa na katoni mbili za sabuni ya unga chini ya kitanda. Usiku akazifukia uani, chini ya mpapai. Alfajiri mvua ikanyesha. Basi uani kukaanza kutoka povu, jeupe, linatiririka hadi kwa jirani! Tulilipiga fagio mpaka mikono ikatuuma, shangazi akisoma dua.

Ndiyo maana uliponisomea maneno ya yule Lactantius, mwandishi wa zama zile, kwamba bidhaa zilipotea sokoni kwa woga na ughali ukazidi hadi sheria yenyewe ikaachwa, nilicheka peke yangu. Ulidhani nimechoka na safari. Mimi nilikuwa natafuta kwa macho mpapai ungekuwa umesimama wapi.

Umesahau na jambo moja. Tulipovuka lile daraja la Warumi, nilinunua maharage meupe kwa yule bibi mwenye kilemba cha maua. Nilimbembeleza kwa vidole, hakupunguza hata lira moja. Nilimpenda sana.

Yamebaki kiasi cha kupika mara moja. Ukipita tena, mwulizie kilo anauzaje sasa, uniandikie. Nataka kulinganisha.

Mama yako